Kufundisha Jeni Iuayo kwa Punje za Mahindi

Katika somo la urithi, wanafunzi huhesabu waliozaliwa tu. Waliokufa kabla ya kuzaliwa hawaonekani, lakini hesabu huwafichua. Mfano mzuri ni panya wa manjano.

Mwaka 1905, Lucien Cuénot wa Ufaransa alieleza kwamba kila alipopandisha panya wa manjano wao kwa wao, hakupata hata mmoja aliyezaa watoto wa manjano watupu. Mwaka 1910, Castle na Little wa Marekani walionyesha kuwa watoto wa panya hao walikuwa wawili wa manjano kwa mmoja wa rangi nyingine, badala ya watatu kwa mmoja kama kanuni ya Mendel ilivyotazamiwa. Robo ya mimba ilikuwa imepotea. Leo yajulikana kuwa jeni hiyo ilitokana na kung'oka kwa kipande cha kromosomu. Kiinitete kilichoirithi kwa mzazi mmoja huishi. Kilichoirithi kwa wazazi wote wawili hufa siku chache baada ya kutungwa mimba, karibu na wakati wa kujishikiza katika tumbo la uzazi.

Ili kulidhihirisha jambo hili, chukua vifuko viwili, kimoja baba na kimoja mama. Katika kila kimoja tia punje 20 za mahindi ya manjano na 20 za meupe. Mwanafunzi atoe punje moja kutoka kila kifuko bila kutazama, aandike jozi, kisha azirudishe. Baada ya mara 40, jozi za manjano tupu, yapata 10, zifutwe ubaoni. Jozi mchanganyiko ni panya wa manjano. Nyeupe tupu ni wa rangi nyingine. Hesabu itakaribia mbili kwa moja. Isipokaribia, usiirekebishe, jumlisha matokeo ya vikundi vyote.

Hapa pana hadhari. Wanafunzi wa Unguja wataulizia selimundu, ugonjwa unaorithiwa kwa wazazi wote wawili. Usiufananishe na kifo cha panya. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya namna nyingine, hivyo huzaliwa bila dalili. Huanza miezi kadhaa baadaye, na kwa matibabu huweza kukua na kusoma. Huenda yumo darasani mwako. Wazazi wote wawili wakiwa wachukuzi, uwezekano ni robo kwa kila mimba peke yake, kama kila utoaji wa punje. Basi mwalimu afundishe hesabu hii bila kumtia mtoto hofu, wala wazazi wake lawama.