Mwalimu mgeni Kilwa na ngoma zisizo kwenye kalenda ya shule

MWALIMU anayepangiwa kituo cha kazi Kilwa au sehemu nyingine ya mwambao wa Lindi, akitokea Kilimanjaro, Kagera au Mbeya, hajatoka nje ya nchi. Hata hivyo, miezi yake ya kwanza haitofautiani sana na ya mtu aliyevuka bahari kwenda kufundisha ugenini.

Lugha anaijua, lakini maneno mengine hayabebi maana aliyoizoea. Akiambiwa na jirani kwamba "wali wanatoka Jumamosi", anaweza kudhani amealikwa kula. Chakula kitakuwapo kweli, ila wali wanaotajwa ni wingi wa mwali, yaani wasichana waliokuwa unyagoni. Siku hiyo hutolewa nje hadharani wakiwa wamevishwa khanga mpya, ngoma zikilia, na ndugu na majirani wakijipanga kuwatunza fedha.

Zamani wageni wa aina hii walikuwa wachache. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kusini ilitegemea kivuko, na masika yalikuwa na uwezo wa kuikatisha kabisa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulizaa shule nyingi za kata, na shule hizo zikahitaji walimu kutoka kila kona ya nchi.

Baadhi ya sherehe hazimpi mgeni tabu. Idd ni mapumziko ya kitaifa, na Maulidi pia. Mwalimu Mkristo akialikwa kwenye Maulidi ya Kilwa Kivinje anatakiwa tu kuvua viatu, kukaa upande wa jinsia yake, na kutoondoka kabla ya kula. Tarehe hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka kwa kufuata mwezi, lakini serikali huzijua na mkuu wa shule huzipangia.

Unyago na jando ni habari nyingine. Hazimo katika kalenda yoyote ya Wizara, ilhali kwa Wamwera, Wamakonde, Wamatumbi na majirani zao hakuna tukio la utotoni linalozizidi uzito.

Kosa la kwanza la mgeni ni kuchanganya mambo. Anayetoka mikoa yenye ukeketaji hudhani unyago ni jina jingine la ukatili huo. Sivyo. Unyago wa Kusini kwa kawaida hauna tohara ya wasichana. Ni mafundisho yanayosimamiwa na nyakanga, na kila mwali huwa na somo wake anayemshika mkono. Hufundishwa usafi wakati wa hedhi, heshima kwa wakubwa, miiko ya nyumbani, na pia mambo ya ndoa.

Hapo kwenye mambo ya ndoa ndipo penye ubishi wa haki. Desturi ilimtaka msichana awe amevunja ungo. Siku hizi watoto wadogo zaidi hukusanywa pamoja na dada zao ili gharama ya sherehe iwe moja, na mtoto wa shule ya msingi husikia mafundisho ya mke mtarajiwa. Mwalimu anayelalamikia hilo hakosei, na wako wazazi wa Kilwa wanaolilalamikia kuliko yeye.

Kosa la pili ni kudhani utoro wa msimu huo ni ukaidi mtupu. Viongozi wa mikoa ya Lindi na Mtwara wamekuwa wakiagiza mara kwa mara kwamba ngoma hizi zifanyike wakati wa likizo. Agizo ni jema, lakini mara nyingi linagongana na mfuko wa mzazi. Mvua za Kusini hukoma kati ya Aprili na Mei, mavuno hufuata, na minada ya ufuta kupitia vyama vya ushirika huanza mwezi Juni. Likizo ya katikati ya mwaka nayo ni Juni. Mzazi asiyekuwa bado na fedha mkononi hawezi kununua khanga, mchele na mbuzi, hivyo malipo yakichelewa ngoma husogea hadi Julai au Agosti. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba.

Kwa msichana wa darasa la saba, wiki tatu za Agosti si kitu kidogo.

Ukitaka kuona nchi iliyofunga pengo la namna hii, tazama Korea Kusini. Wageni wanaokwenda huko kufundisha Kiingereza hukuta Seollal na Chuseok, sikukuu kongwe zinazofuata mwezi, na kila moja ina mapumziko ya siku tatu kisheria. Shule hufungwa, watu hurudi kwao, na mwalimu mgeni hana la kugombana na mtu. Huko serikali imeikubali mila ndani ya kalenda. Kwetu mila huombwa ijipenyeze kwenye nafasi iliyobaki.

Sheria iko upande wa mwalimu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa. Lakini mzazi anayeogopa mtendaji wa kata hufanya lililo rahisi: husema mtoto amekwenda kumuuguza bibi yake.

Nguvu ilikwisha kujaribiwa. Mapema karne ya 20, huko Masasi, magharibi ya Lindi, wamisionari wa Kianglikana waliona kwamba kulipinga jando kulikuwa kunawapotezea waumini. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alilitengenezea jando sura ya Kikristo kwa kushirikiana na wazee na mapadri Waafrika. Wapo waliomlaumu, na kwa upande wa wasichana mpango wake ulikwenda kwa shida zaidi. Lakini alianza kwa kuzungumza na wenye ngoma.

Hilo mwalimu wa leo analiweza, ingawa kwa mwalimu wa kike kuna kizingiti. Asiyechezwa unyago haingii ndani. Anaweza kuwa na shahada na watoto wawili, bado atabaki uani na wageni wengine, kwa sababu mbele ya nyakanga yeye ni mtoto. Ni vizuri akalichukulia kwa utani na kupeleka doti ya khanga.

Kuhusu tarehe, anayepanga ni nyakanga pamoja na wazazi, si mwenyekiti wa kijiji. Barua ya shule haimfai kitu. Hufuatwa nyumbani kwake, jioni, na mapema: Aprili, ufuta ukiwa bado shambani.