Fahamu: Baridi ya Tiba na Ishara za Mauti Ubongoni

Huenda ikawastaajabisha jamaa zetu wa Mawaleh, Oman, waliolelewa kwa wasia kwamba kichanga asipigwe na baridi, kusikia kwamba matabibu humpoza kwa makusudi, kwa muda wa saa 72, mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, hata joto la mwili wake likashuka kufikia nyuzi 33 au 34.

Sababu yake ni kwamba ubongo ulionyimwa oksijeni haufi wote kwa mara moja, bali baada ya kurejewa na damu hupata nafuu ya saa chache, kisha chembe zake zikaanza kupelekeana ishara za maangamizi: glutamati humwagika kupita kadiri, kalsiamu ikafurika ndani ya seli, mitokondria zikadhoofika na kuvujisha sitokromu c, nayo ikaamsha vimeng'enya vya kaspasi, hata seli ikajiangamiza yenyewe. Baridi hupunguza haja ya nishati na kuzipunguzia ishara hizo kasi, maadamu imeanza kabla ya saa 6 kupita tangu mtoto azaliwe.

Huko hospitali ya Mulago, Kampala, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2008 liliwapoza watoto kwa chupa za maji ya mfereji, jambo lililotutia tamaa kubwa. Ilhali utafiti wa HELIX wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliotangazwa mwaka 2021, ulikuta waliopozwa wamefariki asilimia 42, na wasiopozwa 31. Basi, nawasihi wazazi, kazi hii iachiwe hospitali zenye vifaa na uangalizi wa usiku na mchana.