Sungura wa Mashambani na Bunduki ya Upepo

Katika mashamba madogo yaliyosalia baina ya nyumba za Kisauni, na kuelekea Bamburi na Shanzu, mkulima apandaye kunde hujua kwamba adui yake mmoja haji mchana. Huja jua likiisha kutua upande wa Changamwe, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati ambapo mtu aweza bado kuona umbo la kitu lakini haoni rangi yake. Asubuhi mkulima hukuta miche imekatwa mstari mzima, kana kwamba mtu amepita na kisu. Mara nyingi mwenye kufanya hivyo ni sungura.

Wako watu, vijana kwa wazee, wasemao kwamba dawa ya sungura ni bunduki ya upepo. Wamesikia, au wameona katika picha, jinsi wakulima wa Uingereza watokavyo jioni na bunduki hizo, wakarudi na sungura wanne watano wakining'inia mkononi. Jambo hili lastahili kuelezwa, kwa kuwa mnyama anayepigwa huko siye huyu wa kwetu, na mtu aigaye desturi hiyo hapa aweza kupoteza kunde zake vilevile, na juu ya hayo jicho la mtoto wa jirani, na uhuru wake mwenyewe.

Lugha yetu hutumia jina moja, sungura, kwa wanyama wawili walio mbalimbali. Wa kwanza ni yule afugwaye vibandani. Asili yake ni Ulaya, na huko porini huchimba mashimo, huishi kwa makundi, na jike huchukua mimba yapata siku 31, kisha huzaa shimoni watoto wasio na manyoya wala macho yaliyofumbuka. Katika Kenya hakuna sungura wa namna hiyo porini. Wa pili ndiye sungura wa hadithi zetu, yule amdanganyaye simba na fisi, na wazee wengine wa pwani humwita pia kititi. Huyu hachimbi shimo lolote. Mchana kutwa hujilaza katika kikao kidogo alichokibonyeza kwenye nyasi, masikio yamelala mgongoni, na mtu aweza kupita hatua tatu karibu naye asimwone. Mimba yake yapata siku 42, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, tayari kukimbia baada ya muda mfupi. Ni mkubwa kuliko ndugu yake wa Ulaya wa porini, aghalabu kilo mbili hata tatu, na miguu yake ya nyuma ni mirefu sana. Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Karibu kila jambo litakalosemwa hapa chini latokana nayo.

Huko Uingereza sungura wa mashimo si mnyama wa asili. Aliletwa kutoka bara la Ulaya, akafugwa kwa nyama na ngozi, kisha akatoroka na kuzaana mno hata akawa balaa la mashamba. Mwaka 1880 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyompa kila mkulima, hata yule aliyekodi shamba tu, haki ya kuua sungura walao mazao yake, haki ambayo zamani ilikuwa ya mabwana wenye ardhi. Mwaka 1953 uliingia ugonjwa uitwao miksomatosi ukawaua sehemu kubwa mno, lakini waliosalia walizaana tena. (Watu wa Australia walipata taabu kubwa zaidi: mwaka 1859 tajiri mmoja, Thomas Austin, alifungulia sungura wachache shambani mwake kwa ajili ya mchezo wa kuwinda, na watoto wa watoto wao wakaenea sehemu kubwa ya bara hilo.) Basi mkulima wa Kiingereza atokaye jioni hafanyi mchezo tu, bali anafanya kazi ya shamba.

Na namna ya kazi yenyewe ni hii. Mwindaji huyajua mashimo yalipo. Kabla ya giza huenda polepole, upepo ukimjia usoni ili harufu yake isimtangulie, akajilaza nyuma ya ua wa miti. Sungura hutoka shimoni mmoja mmoja, wakakaa karibu na mlango wakila majani. Mwindaji hungoja mpaka mmoja awe katika umbali wa mita 25 au 30, asizidi, naye ametulia kabisa. Hulenga kichwa tu. Akiona hana hakika, hapigi. Wale wajuao kazi hii husema kwamba sehemu yake kubwa ni kungoja, na kwamba jioni nyingi mtu hurudi mikono mitupu.

Sababu ya masharti hayo ni udhaifu wa silaha yenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Iliyo ya kawaida huvunjwa katikati kwa kuishusha kasiba, na kitendo hicho hukandamiza kamani nene iliyo ndani. Ukivuta kifyatulio, kamani huachiliwa, huisukuma pistoni mbele kwa ghafula, na hewa iliyobanwa, kama ile ya pampu ya baiskeli ukiziba mdomo wake kwa kidole, hukitupa kidonge kidogo cha risasi. Kidonge hicho huwa na upana wa milimita 4.5 au 5.5, kimebonyea kiunoni kama kinu. Si kwamba silaha za hewa zote ni dhaifu. Mnamo mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki ya hewa iliyobuniwa na Girandoni, iliyokuwa na uwezo wa kumwua askari. Lakini bunduki ziuzwazo Uingereza kwa mtu asiye na cheti zimewekewa mpaka wa nguvu kwa sheria, na kwa nguvu hiyo kidonge hupoteza mwendo upesi na kuanguka sana kikipita mita 40. Kikimpata sungura mdogo ubongoni, hufa pale pale. Kikimpata tumboni au pajani, hujikokota mpaka shimoni akafia humo, na hata huko mwindaji mwema huona haya kwa jambo hilo.

Sasa tumlete sungura wetu mbele ya silaha hiyo. Hana shimo, kwa hiyo hakuna mlango wa kumngojea. Huja shambani kwa njia zake, akikaa wazi mahali ambapo macho yake, yaliyo kando ya kichwa, huona karibu pande zote. Mwili wake ni mkubwa zaidi na kidonge ni kile kile. Akijeruhiwa haingii shimoni karibu. Hukimbia, na mbio zake huwashinda mbwa wengi wa kijiji, akaenda kufa vichakani siku ya pili au ya tatu, asimfae mtu yeyote. Hata Waingereza, ambao wana mnyama wa jamii hii nchini mwao pia, wawindaji wao waangalifu hawampigi kwa bunduki ya upepo yenye nguvu ya kawaida. Hili ndilo jambo ambalo picha hazisemi.

Tena iko habari ya mahali. Zamani sehemu kubwa ya Nyali ilikuwa shamba la makonge, na nyumba zilikuwa chache. Mwaka 1931 liliwekwa daraja la kuelea kutoka kisiwani, na mwaka 1980 likafunguliwa daraja kubwa lililoshika nafasi yake. Watu wakavuka, nyumba zikajengwa, na leo shamba la kunde laweza kuwa na nyumba upande huu, msikiti upande ule, na kichochoro cha watoto katikati. Saa ile sungura atokayo ndiyo saa ile watu watokapo kazini, na watoto wanatumwa dukani. Na ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe, uliochomoza kila mahali chini ya udongo mwembamba. Kidonge cha risasi kikipiga udongo laini huzama. Kikipiga jiwe la matumbawe huruka kwenda upande asioutazamia mpigaji. Kidonge kisichoweza kumwua sungura vizuri kwa mita 50 chaweza kumpofusha mtu kwa umbali mkubwa kuliko huo. Jicho halihitaji nguvu nyingi.

Kwa Waislamu, walio wengi katika vijiji hivi, kuna neno jingine. Nyama ya sungura ni halali katika madhehebu ya Shafii yafuatwayo na watu wengi wa pwani, ingawa Mashia hawaili. Lakini mnyama aliyeuawa kwa kishindo cha kidonge, asiwahiwe kuchinjwa akali hai, wanazuoni wa Kishafii humhesabu kuwa mzoga. Kwa hiyo yule aliyekimbia na jeraha akafia kichakani hata kitoweo hakuwa.

Kuhusu sheria, watu wengine bado wanakumbuka wakati ambapo mtu aliweza kuomba leseni na kuwinda. Wakati huo umepita. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, na Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 imeufanya kuwa kosa hata uwindaji wa kutafuta kitoweo cha nyumbani. Haisemi kwamba mnyama mdogo si mnyama. Sungura wa Kisauni, ijapokuwa hakuna mtalii alipaye kiingilio ili kumwona, ni wanyamapori kama alivyo tembo, na mitego ya waya imo katika katazo hilo hilo. Bunduki nayo ina sheria yake. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha iwezayo kuua awe na cheti, na mtu aliyeletewa bunduki ya upepo na ndugu yake kutoka ng'ambo asidhani kwamba ni kichezeo kwa sababu haina baruti. Hata huko Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, mtu hawezi kuwa nayo bila ruhusa ya polisi. Mkulima aliyeharibiwa sana na wanyama apeleke habari kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, wala asijichukulie mamlaka.

Lakini kunde zaendelea kuliwa, na mkulima haridhiki na neno la sheria peke yake. Kwanza na ahakikishe mwizi ni nani. Sungura hukata mche kwa meno yake makali, na mkato huwa safi, umekwenda mshazari. Panya huguguna na kuacha kingo zilizochanika. Kinyesi cha sungura ni vidonge vya mviringo, vikavu, vyenye nyuzi za majani. Mbuzi wa jirani pia asisahauliwe, maana sungura amesingiziwa mara nyingi.

Ikiwa ni sungura kweli, tabia yake ya kutochimba yamsaidia mkulima. Wavu wa kuzuia sungura wa Ulaya lazima ufukiwe ardhini, la sivyo atachimba apite chini. Kwa huyu wetu yatosha wavu wa kuku wenye kimo cha mita moja hivi, ukingo wake wa chini umelazwa kidogo juu ya ardhi kuelekea nje na kukandamizwa kwa mawe, ambayo hapa hayakosekani. Matundu yawe madogo, maana watoto wa sungura hupenya mahali ambapo mama hapiti. Asiyeweza kununua wavu atumie matawi ya miiba, akiyafunga kwa nguvu chini kuliko juu, na kila asubuhi azunguke kutazama: sungura hupenda njia yake ya jana, na tundu moja lililoachwa litamleta kila usiku.

Kufyeka nyasi pembezoni kunafaa pia, upana wa hatua kumi au zaidi, kwa kuwa mnyama huyu hapendi kula mbali na mahali pa kujificha. Mbwa aliyefungwa karibu na shamba usiku hufanya kazi nzuri bila kumwua mtu wala mnyama. Na ulinzi mkubwa wahitajiwa katika majuma ya kwanza baada ya kuota, miche ikiwa laini. Mashina yakikomaa sungura huyaacha akatafuta penginepo.

Kwa yule ambaye nia yake hasa ni nyama, afuge. Sungura wa vibandani si wanyama wa porini, na hakuna sheria imzuiayo mtu kuwachinja. Serikali ina kituo cha kuzalisha na kufundisha ufugaji wa sungura huko Ngong, na mbegu za New Zealand Nyeupe na California zajulikana sana kwa nyama. Hapa pwani tatizo lao ni joto; kibanda kiwekwe chini ya mwembe au mkanju, sakafu ya fito iinuliwe kutoka ardhini, upepo wa bahari upite, na maji yasikauke chomboni mchana. Jike mmoja aliyetunzwa vizuri huzaa mara kadhaa kwa mwaka, watoto sita hata wanane kwa kila mzao, na majani ya kunde yaliyopogolewa ni chakula chao kizuri, yakianikwa kwanza yakanyauka kidogo.