Mzee akianguka usiku, nani atamusikia? Maulizo ya kujibu mbele ya kununua kifungo cha kuita msaada

Katika Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia, wazee wengi wanabaki nyumbani na mjukuu mmoja, ao peke yao kabisa. Watoto wako Kinshasa, Kampala, Ubelgiji ao Kanada. Wamoja wanatuma kidude kidogo chenye kifungo: mzee anakivaa shingoni, akianguka anabonyeza, msaada unakuja. Ni kitu kizuri, lakini kinaweza kubaki pambo tu ikiwa familia haikujiuliza maulizo fulani mbele ya kutoa pesa.

Kwa nini kufika haraka

Shirika la afya duniani, OMS, linasema kuanguka kunaua watu karibu 684 000 kila mwaka duniani, na wenye kupita miaka 60 njo wanakufa zaidi. Si mfupa tu unaoharibika. Mzee anayelala chini masaa mengi anakauka maji, baridi inamuingia, misuli inaumia, ngozi inaanza vidonda. Na mdomo wake ukipinda gafula, mkono ukikosa nguvu ao maneno yakichanganyika, afikishwe hospitali saa ile ile, bila kungojea asubuhi.

Nani anajibu?

Ulaya na Marekani, kifungo kinaita ofisi ya watu wanaokesha usiku na mchana. Familia inalipa kila mwezi, na ofisi inaita ambilanse. Kidude kile kikifika kwetu, ofisi haikifuati. Kwa hiyo tafuta kile kinachopiga moja kwa moja namba za watu: jirani, mtoto anayekaa karibu, motari mnayemuaminia, munganga wa kituo cha afya. Namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika kwa miguu. Mtoto wa Brussels awe wa mwisho, maana hawezi kufungua mlango.

Vidude vingi vinapiga namba ya kwanza, isipojibu vinaenda kwa ya pili. Lakini simu ikiingia kwenye messagerie, kidude kinaweza kuamini mtu amejibu, na kinaacha kutafuta wengine. Zimeni messagerie kwenye namba zote mulizoweka.

Rezo, uniti na moto wa umeme

Kidude chenye kuhitaji telefone ya waya hakifai kwetu. Chenye SIM, uliza kama kiko debloke, ni kusema kinakubali SIM ya kampuni yoyote, na kama kinashika rezo ya hapa. 2G ya Marekani ilitumia 850 na 1900 MHz, yetu 900 na 1800. Tena kampuni kubwa za Marekani zilifunga 3G mwaka 2022, basi angalia kama hamuuziwi kitu cha zamani.

Simama ndani ya chumba cha mzee, si barabarani, uone rezo gani inashika vizuri. SIM iwe na uniti kila wakati. Uniti zikiisha, kifungo hakiiti mtu. Na batri? Fasi umeme unakatika siku mbili ao tatu, batri ya siku moja haitoshi, ao mtafute panneau ndogo ya jua.

Wasio na pesa nyingi

Telefone ya vifungo vikubwa yenye SOS kwa nyuma inafanya karibu kazi ile ile. Kama familia iko ndani ya lupango moja, hata sonnette isiyo na waya inatosha: kifungo kwa mzee, kengele kwa jirani. Haiombi SIM wala uniti. Lakini kuta zinapunguza mwendo wake, basi mujaribu mbele ya kulipa.

Kile kinachojisikilizia chenyewe mtu akianguka kinasaidia, lakini kinaweza kukosa mzee aliyeteleza polepole kutoka kitini. Kifungo kibaki pale pale, na kisiogope maji, maana wengi wanaanguka wakienda chooni. Kikitundikwa kwenye msumari, hakina kazi.

Mlango na usiku

Katika mitaa yetu, filimbi na sufuria zinazogongwa usiku zinamaanisha wezi. Mzee akipiga filimbi, jirani anaweza kujifungia zaidi. Patana na majirani na kiongozi wa avenue alama nyingine, na nani atatoka. Komeo la ndani litamuacha jirani inje akisikia mzee analia. Muweke kitasa kinachofunguka pande zote mbili, na ufunguo wa pili kwa jirani. Karibu na mlango, muweke bahasha: pesa ya moto, kadi ya mutuelle, karatasi ya dawa anazokunywa.

Mara moja kila juma, mjaribu kifungo, na mara moja mjaribu usiku. Hesabuni dakika mpaka mtu anaingia chumbani. Na mbele ya yote, muulize mzee mwenyewe. Koko asiyetaka kuvaa kitu shingoni atakiacha kitandani, hata kikiwa cha bei gani.