Kuvaa ni Kudai Hadhi

Wapo wanaoamini kwamba mitindo ya mavazi ilizaliwa Paris na London, na kwamba kwingineko duniani watu walirithi mavazi ya asili yasiyobadilika kizazi hadi kizazi. Wapo pia wanaoiona mitindo kuwa upuuzi wa wenye fedha za kuchezea. Imani zote mbili haziwezi kusimama mbele ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Historia hiyo inaonyesha kwamba mtindo ni njia ya watu kutangaza hadhi wanayoidai katika jamii, hasa wakati ngazi za jamii zinapotikisika. Ndiyo maana huchipuka popote penye watu wenye uwezo wa kuchagua, na ndiyo maana watawala wengi wamejaribu kuudhibiti.

Tuanze na soko. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zikawa zinashusha Unguja majora ya pamba isiyotiwa rangi. Nguo hiyo, merikani, ilisafiri na misafara hadi Maziwa Makuu na kutumika kama fedha njiani. Hata hivyo, wanunuzi wa bara hawakupokea kila walicholetewa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja kwa safari ya bara mwaka 1871, ilimbidi kwanza aulize shanga zipi zinapendwa wapi. Nyekundu za samisami zilitakiwa Unyamwezi. Nyeusi za bubu zilipokelewa Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani. Msafara uliokosea uchaguzi ulibeba mzigo usioweza kununua hata chakula cha wapagazi. Basi mtu wa kijijini, ambaye vitabu vingi vimemchora kama mpokeaji tu wa bidhaa za wageni, alikuwa mteja mwenye macho makali, na tajiri wa ng'ambo ndiye aliyelazimika kumfuata.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Unguja yenyewe. Enzi za utumwa, mavazi yalitenganisha watu kabla hawajafungua kinywa. Mtumwa mwanamke alijifunga merikani au kaniki, ile nguo ya buluu iliyokolea. Mwanamume alivaa shuka kiunoni. Kufunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa alama ya waungwana. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, ingawa masuria walisubiri hadi 1909, maelfu ya watu walianza kujitafutia nafasi mpya, na mavazi yakawa miongoni mwa njia za kwanza za kuidai. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaiacha kaniki na kuvaa kanga, vazi lililokuwa limeanza kuenea miongo michache kabla. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizouzwa kwa jora, wakazishona tatu juu ya tatu kupata kitambaa kipana, na wafanyabiashara wakaona faida ya kuagiza kitambaa kizima kilichochapwa vile. Kanga ikapata pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, kisha jina, yaani maneno yanayoandikwa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kirumi. Chapa mpya ziliingia madukani mara kwa mara, na iliyopitwa na wakati ilibaki rafuni.

Atatokea mtu aseme kwamba hao walikuwa wakiwaiga tu mabwana wao wa zamani. Kwa kanzu hoja hiyo ina uzito kidogo. Kwa kanga haina. Waliotoka utumwani hawakuirithi kanga kutoka kwa mabibi wa majumba makubwa. Waliikuza wenyewe, ikapanda ngazi hadi ikavaliwa na wanawake wa kila tabaka. Mwingine atasema kanga si yetu kwa kuwa ilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani kabla ya viwanda kama Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Lakini mashine haikujua ni maua gani yatapendwa katika mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja au Mombasa, wala ni maneno gani yatamfanya mama atoe fedha. Hayo yaliamuliwa na wavaaji, na vazi ni mali ya wale ambao ladha yao ndiyo inayoliunda.

Nguvu hiyo ya kuchagua imewatisha wakubwa katika nchi nyingi. Uingereza ya mwaka 1363 ilitunga sheria iliyopanga nani avae kitambaa gani kwa kufuata cheo na kipato. Ilifutwa baada ya muda mfupi, lakini nyingine za aina hiyo zilifuata hadi zikaondolewa mwaka 1604. Japani ya watawala wa Tokugawa iliwakataza wafanyabiashara hariri za fahari, na matajiri wakaivaa hariri hiyo kama bitana, chini ya nguo za kawaida. Nchini Tanzania nako, mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Waliounga mkono walikuwa na hoja ya kusikilizwa: taifa changa lililotoka ukoloni lilihitaji kujiheshimu. Lakini suti na tai zilitoka Ulaya pia, na hazikuguswa. Mzigo wa kulinda utamaduni uliwaangukia zaidi wasichana wa mjini, waliokuwa wameanza kupata kazi na mishahara yao wenyewe. Kilichopigwa vita kilikuwa zaidi ya urefu wa sketi.

Inabaki hoja ya ubadhirifu, nayo si ya kupuuza. Kuna familia zinazoingia kwenye madeni kwa ajili ya sare za harusi, na viwanda vya leo huzalisha nguo za kutupwa baada ya kuvaliwa mara chache. Madhara hayo ni ya kweli na yafaa kukemewa. Lakini tunapomlaumu mtu wa kipato kidogo kwa kununua doti mpya ya kanga, tujiulize kwanza anatafuta nini. Mwanamke aliyeachiwa huru mwaka 1897 hakupewa shamba wala nyumba, na jina lake halikuheshimiwa mahakamani kama la muungwana. Nguo ilikuwa miongoni mwa vitu vichache alivyoweza kuvipata kwa jasho lake na kuvionyesha hadharani siku hiyohiyo. Kuuita ununuzi wake upuuzi ni kumnyima kwa mara ya pili heshima aliyonyimwa na utumwa.