Kisanduku cha Filamu Sebuleni: Nani Ameshika Ufunguo?

Kimeingia katika nyumba zetu kifaa kidogo kisichozidi kiganja cha mkono, kinachokaa kimya pembeni ya televisheni, na ambacho katika maduka ya Kariakoo huulizwa kwa jina la TV box. Huunganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI, hupewa umeme, huunganishwa na intaneti ya nyumba, na kuanzia hapo kioo cha sebuleni huleta filamu, tamthilia, katuni, mihadhara na visomo vya Qur'ani kwa saa yoyote anayoitaka mtazamaji. Baadhi ya televisheni mpya zina uwezo huo ndani yake bila ya kifaa cha nje, kwa hiyo mengi tutakayoyasema yanazihusu nazo.

Hatukusudii katika ukurasa huu kukiharamisha kifaa hiki wala kukipigia debe. Kinachotushughulisha ni kwamba wazazi wengi hukinunua kwa fikra za king'amuzi, ilhali si king'amuzi, na tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo inayoamua mtoto ataona nini wakati baba yuko msikitini na mama yuko jikoni.

King'amuzi tumekizoea. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo ving'amuzi vikawa sehemu ya samani za nyumba. Lakini king'amuzi, pamoja na wingi wa chaneli zake, kina watu nyuma yake: kituo kina mhariri, kina ratiba, kina leseni inayoweza kufutwa, na kwa kawaida hupanga katuni mchana na mambo ya watu wazima usiku. Familia iliyoketi mbele yake hutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Baba akichukizwa na tangazo, anajua kwamba nyumba nzima imeliona, na neno la kukemea linamfikia kila aliyehusika.

Katika kisanduku cha intaneti hakuna mhariri wa namna hiyo. Kazi yake imehamia kwa mwenye rimoti, na mara nyingi mwenye rimoti ana umri wa miaka minane. Wala hahitaji kujua kuandika. Rimoti nyingi za siku hizi zina kitufe cha maikrofoni. Mtoto hutaja anachokitaka, nacho huletwa.

Historia ya vifaa hivi si ndefu. Kampuni ya Netflix, iliyoanza kwa kukodisha diski za DVD kwa njia ya posta huko Marekani, ilianza kupeleka filamu kwa intaneti mwaka 2007. Mwaka uliofuata kampuni ya Roku ikatoa kisanduku chake cha kwanza, kazi yake ikiwa ni kuzifikisha filamu hizo katika televisheni ya kawaida. Apple, Google, Amazon na Xiaomi nazo zikatoa vyao kwa nyakati mbalimbali, na Januari 2016 Netflix ikafungua milango yake kwa mara moja katika nchi zaidi ya 130, Tanzania na Kenya zikiwamo. Pamoja na majina hayo makubwa vikaja visanduku vingine vya bei nafuu, visivyo na jina la kueleweka. Hapo ndipo tunapomwomba msomaji atulie kabla ya kutoa fedha yake.

Rahisi inayogharimu

Android ni mfumo ambao sehemu yake kubwa iko wazi, na kiwanda chochote kinaweza kuuchukua na kuuweka katika kisanduku bila kupata idhini ya Google. Vilivyopimwa na kuidhinishwa huja na Android TV au Google TV kamili pamoja na Play Store halali. Visivyoidhinishwa hubeba sura inayofanana, na kwa macho ya mnunuzi wa kawaida hakuna tofauti, isipokuwa bei.

Hasara ya kwanza ni ndogo, nayo ni ya picha. Juu ya boksi huandikwa 4K, pengine 8K, lakini Netflix haitoi picha yake bora kwa kifaa kisicho na idhini ya ulinzi wa maudhui, hivyo mnunuzi wa televisheni ya inchi 55 hujikuta anatazama picha hafifu na kudhani intaneti ndiyo mbovu.

Hasara ya pili ni kubwa. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alieleza kwamba kisanduku cha aina ya T95 alichokinunua katika duka la mtandaoni kilimfikia kikiwa tayari na programu haribifu ndani yake. Oktoba mwaka huo watafiti wa HUMAN Security wakaueleza mtandao mzima wa vifaa vilivyotoka kiwandani au vilivyopita mikononi mwa wasambazaji vikiwa katika hali hiyo, wakaupa jina la BADBOX. Toleo lake la pili lilipojitokeza, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma Juni 2025, na Julai Google ikafungua kesi mahakamani New York ikisema kuwa vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa.

Maana yake kwa familia ni ipi? Kisanduku hicho huendelea kuonyesha katuni kama kawaida, lakini chini kwa chini watu wasiojulikana hupitisha shughuli zao katika intaneti ya nyumba hiyo. Hubofya matangazo ya uongo, huingilia akaunti za watu wengine, na anwani ya mtandao inayoonekana katika kumbukumbu za upelelezi ni ya nyumba ya Bwana fulani wa Tandika, aliyelala usingizi. Bando nalo hupungua bila sababu inayojulikana. Dalili zake hazijifichi sana: kisanduku kinachosifiwa kuwa "kimefunguliwa" na kina chaneli zote za dunia bure daima, kisicho na jina la mtengenezaji anayejulikana, na hasa kinachomtaka mwenye nyumba azime Play Protect, ambayo ndiyo mlinzi wa programu katika Android.

Lipo pia suala la haki za watu, ambalo muuzaji hupenda kulipitia haraka. Chaneli za mpira na filamu mpya zinazoingia katika visanduku hivyo bila malipo, au kwa malipo madogo ya mwezi anayopewa kijana wa mtaani, zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999. Kabla yake, katika kikao cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi walikwishapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazohifadhiwa kisharia na haijuzu kuzivamia. Mzazi anayemkataza mwanawe kuchukua penseli ya mwenzake darasani afikirie atamjibu nini siku mtoto atakapouliza mechi hii tunaitazama kwa idhini ya nani.

Usiku wa kwanza

Tuseme kifaa kimenunuliwa, ni halali, na kimewaka. Desturi ni kwamba fundi au kijana mkubwa wa nyumba hukiunganisha, kila mtu hufurahi, na filamu ya kwanza huanza. Sisi tunasema filamu isianze usiku huo mpaka mzazi mwenyewe amekaa na rimoti, kwa sababu mpangilio wa kiwandani humfaa zaidi muuza filamu.

Katika Netflix kila mtu hufunguliwa wasifu wake, na wasifu wa mtoto huwekewa kikomo cha umri, pamoja na uwezo wa kuzuia filamu moja moja kwa jina lake. Wazazi wengi hufika hapo na kuridhika. Tatizo ni kwamba ukurasa wa kwanza huonyesha wasifu wote kwa pamoja, na mtoto aliyechoka na katuni huhitaji kubofya mara moja tu picha ya baba yake ili aingie upande wa pili. Kwa hiyo kufuli la muhimu zaidi ni lile la wasifu wa mtu mzima: namba ya siri ya tarakimu nne, ambayo Netflix iliiweka mwaka 2020. Isiwe mwaka wa kuzaliwa kwa yeyote nyumbani. Watoto huijaribu miaka hiyo kwanza.

YouTube inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa humo ndimo watoto wetu wanamoshinda. Ipo YouTube Kids, yenye ngazi tatu za umri: miaka minne kwenda chini, mitano hadi minane, na tisa hadi kumi na miwili. Ndani yake mzazi anaweza pia kuchagua mwenyewe video na chaneli ambazo mtoto ataruhusiwa, zisionekane nyingine. Kazi hii ina jasho kidogo, lakini ndiyo inayokaribia zaidi uhariri wa kweli. YouTube ya kawaida ina hali ya vizuizi ambayo huchuja baadhi ya video. Haichuji zote, na huwashwa kwa kila kifaa peke yake: aliyeiwasha katika simu asidhani kuwa ameiwasha katika televisheni. Play Store nayo iwekewe ulinzi wa namba ya siri, vinginevyo YouTube Kids inaweza kuwa imepangwa vizuri huku programu nyingine yoyote ikipakuliwa pembeni yake.

Tena kuna mlango unaosahaulika. Visanduku vingi hupokea video kutoka katika simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo. Nenosiri la Wi-Fi likigawiwa kwa kila mgeni na kila jirani, basi na kioo cha sebuleni kimegawiwa.

Kuhusu bando, hesabu si ngumu. Kwa mujibu wa Netflix, picha ya HD hutumia hadi GB 3 kwa saa, na ya 4K hadi GB 7. Familia inayotazama saa mbili kila usiku kwa siku 30 inaweza kumaliza GB 180 katika HD. Mpangilio wa matumizi ukishushwa ngazi ya kati, ambayo ni takriban GB 0.7 kwa saa, saa hizo hizo huwa GB 42. Katika ngazi ya chini kabisa ni GB 18. Kwa televisheni ya inchi 32, ngazi ya kati inatosha.

Lakini gharama ya saa ni nzito kuliko ya bando. Mwaka 2017 Reed Hastings, akiwa mkuu wa Netflix, alisema wazi kwamba mshindani wao ni usingizi. Hakuwa anafanya mzaha. Sehemu moja ya tamthilia ikiisha, inayofuata huanza yenyewe baada ya sekunde chache, na mtazamaji asiyefanya lolote huwa amekubali kuendelea. Mpangilio huo unaweza kuzimwa katika kila wasifu, nasi tunapendekeza uzimwe hata kwa watu wazima, ambao ndio hasa hukesha. Anayelala saa nane usiku anajua mwenyewe hali yake inapoadhiniwa Alfajiri.

Wala asiseme mtu kwamba yeye hutazama yenye maadili tu. Tamthilia ya Kituruki ya Diriliş: Ertuğrul, inayopendwa na familia nyingi za Kiislamu duniani, ilionyeshwa na TRT 1 kuanzia Desemba 2014 hadi Mei 2019 katika sehemu 150, kila moja ikikaribia saa mbili. Hizo ni kama saa 300. Nchini Uturuki watazamaji walizigawa katika misimu mitano kwa sababu kituo kiliwalazimisha kungoja wiki. Mwenye kisanduku hangojeshwi na yeyote, na anaweza kuzimaliza kati ya Rajabu na Ramadhani. Saa 300 ni saa moja ya darsa kila siku kwa miezi kumi.

Alama za umri nazo tuzipime kwa mizani yetu. Nambari kama 13+ au 16+ hupangwa kwa kuangalia zaidi ukatili, uchi, lugha chafu na dawa za kulevya. Mambo mengine yanayotugusa, kama vile uchawi unaopambwa hadi upendeze au kumdhihaki mzazi kama jambo la kuchekesha, hupita bila alama yoyote katika katuni za watoto wa miaka saba. Hata katika yaliyo yetu hakuna wepesi. Tamthilia ya Omar ya mwaka 2012, yenye sehemu 30, iliigiza Maswahaba, na wanazuoni wakahitilafiana: wapo waliosaidia kuipitia na kuikubali, na Al-Azhar ikaipinga. Hakuna mpangilio wa rimoti utakaomweleza kijana wa miaka kumi na mitano kwa nini watu wa elimu wametofautiana katika jambo hilo. Hilo huelezwa na mzazi aliyeketi naye, aliyeitazama naye sehemu ya kwanza, na aliye tayari kuisimamisha katikati anapoulizwa. Kitufe cha kusimamisha king'amuzi cha zamani hakikuwa nacho. Kisanduku hiki kinacho, na kwa matumizi hayo ni neema.

Kwa hiyo televisheni yenye kisanduku ikae sebuleni, isihamishiwe chumba cha watoto hata wakati wa likizo, na baada ya Isha rimoti ikabidhiwe kwa mama.