Tiki Moja Iliyofunga Duka

Rafiki yangu mmoja, muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, alinipigia simu jioni moja akiwa na sauti ya mtu aliyechoka kusubiri. Alikuwa amelipia tovuti, akakabidhiwa, picha zimekaa vizuri, na miezi saba imepita. “Kaka, hata nikiandika jina la duka langu mwenyewe, Google hainioni. Kuna kijana anataka nimlipe kila mwezi anipandishe ukurasa wa kwanza. Nimpe?”

Nikamwomba asubiri kidogo. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Google niliandika site: na kuiunganisha na anwani ya tovuti yake bila kuacha nafasi. Ukifanya hivyo, Google hukuonyesha kurasa inazozijua za tovuti hiyo pekee. Haukuja hata mmoja. Kumbe duka halikuwa limeshuka chini ya orodha, halikuwemo kabisa. Tovuti ilijengwa kwa WordPress, na ndani ya mipangilio yake kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Fundi alikitia tiki wakati wa ujenzi, jambo la busara, maana nani anataka nyumba isiyoezekwa ionyeshwe wageni? Siku ya kukabidhi kazi akasahau kuiondoa.

Katika kazi hii ya kuzifanya tovuti zionekane kwenye utafutaji, ambayo wenyewe tunaiita SEO, visa vya namna hiyo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Tovuti kutoonekana ni ugonjwa wenye ngazi. Wengi hununua dawa ya ngazi ya juu ilhali wameumia kwenye ngazi ya chini kabisa.

Mashine inavyosoma

Google hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza, programu yake iitwayo Googlebot hupita mtandaoni ikifuata viungo na kusoma kurasa. Pili, kilichosomwa huchambuliwa na kuwekwa katika faharasa, mfano wa ile iliyo nyuma ya kitabu inayokuambia neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Tatu, mtu anapouliza swali, mashine haianzi kuzunguka mtandaoni. Inafungua faharasa yake na kupanga majibu.

Basi maswali yafuate mpangilio huohuo. Ukurasa umesomwa? Umeandikwa kwenye faharasa? Umeeleweka? Unaaminika? Usiliruke swali kabla hujapata jibu lake. Chombo cha kukujibu maswali mawili ya mwanzo ni Google Search Console, na ni cha bure. Ukishathibitisha kwamba tovuti ni yako, unabandika anwani ya ukurasa wowote nacho kinakueleza kama uko kwenye faharasa, na kama haupo, umekwama wapi.

Makatazo mawili yanayopigana

Mbali na tiki ile, kuna mtego mwingine mlangoni. Tangu 1994, pale mhandisi wa programu Martijn Koster alipopendekeza utaratibu wa kuwaongoza roboti wanaosoma mtandao, tovuti nyingi huwa na faili dogo la robots.txt linalowaambia roboti wasiingie sehemu fulani. Lipo pia katazo la pili, noindex, linalokaa ndani ya ukurasa wenyewe na maana yake ni hii: umenisoma, lakini usiniandike kwenye faharasa.

Mwenye tovuti anayetaka kuficha ukurasa huweka yote mawili akidhani ameufunga kwa kufuli mbili. Matokeo huwa kinyume. Googlebot ikizuiwa mlangoni haiwezi kuliona katazo lililo ndani, na anwani ya ukurasa ule inaweza kuendelea kujitokeza kwenye majibu, bila maelezo, kwa kuwa tu tovuti nyingine zimeiunganisha. Ukitaka ukurasa utoke kwenye faharasa, weka noindex na uache mlango wazi ili katazo lisomwe. Ukurasa wenye siri za watu ufunge kwa nywila, maana makatazo haya ni ya kuwaongoza roboti na hayamzuii mtu kuingia.

Duka moja, anwani nne

Tovuti ile ya Gerezani ilikuwa inafunguka kwa njia nne: yenye www na isiyo na www, yenye https na yenye http tupu. Kwa binadamu ni duka moja. Kwa mashine ni anwani nne zenye maneno yaleyale, na yenyewe ndiyo italazimika kuchagua ipi iionyeshe. Dawa ni kuchagua anwani moja, kisha nyingine zote zielekezwe huko kwa agizo la kudumu, lile mafundi wanaloliita 301. Pale ambapo nakala haziepukiki, kwa mfano bidhaa moja inayoonekana chini ya makundi matatu, kuna alama ya canonical, ambayo Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza kwa pamoja mwaka 2009. Kazi yake ni kutaja nakala ipi ndiyo asili.

Agizo hilo la 301 ndilo husahauliwa watu wanapobadilisha tovuti. Fundi mpya anajenga upya, anwani zote zinabadilika, za zamani zinafia kwenye ukurasa wa 404, ule unaosema kilichotafutwa hakipo. Viungo vyote vilivyokusanywa kwa miaka vinaelekea kwenye kiwanja kitupu. Kabla ya kuhama, andika orodha ya anwani za zamani na mbele ya kila moja andika anwani yake mpya. Google yenyewe inashauri maelekezo hayo yaachwe kwa mwaka mmoja angalau.

Maneno ya mteja

Tiki ilipoondolewa na mlango kufunguka, kurasa za rafiki yangu zikaingia kwenye faharasa ndani ya wiki chache. Wateja bado hawakuja. Nilipozisoma nikaelewa. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa kimoja, “Karibu”. Ndani yake palisomeka “vipuri vya mfumo wa kuhimili mtikisiko”. Kiswahili safi, lakini nani Dar es Salaam anaandika hivyo kwenye simu? Gari linagonga, mwenye gari aina ya IST anaandika “shokapu za IST bei gani”. Neno shokapu halikuwepo popote. Bei zilikuwepo, ila ndani ya bango la rangi lililotengenezwa kwa ajili ya Instagram, yaani ni picha. Usitegemee mashine isome maandishi yaliyochorwa ndani ya picha. Yaandike chini yake kama maandishi ya kawaida.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kama mstari mkubwa kwenye majibu ya Google, kiseme kilichomo ndani, na kila ukurasa uwe na chake. Lakini usipoteze muda kujaza orodha ya maneno muhimu katika ile sehemu iliyofichika iitwayo meta keywords. Google ilitamka wazi mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga majibu. Wala usirundike neno moja mara ishirini katika aya moja. Msomaji atakimbia, na mashine nayo ina sheria dhidi ya mchezo huo.

Kiswahili kina jambo lake la ziada. Kiingereza huongeza herufi mwishoni mwa neno kuonyesha wingi, sisi mara nyingi hubadilisha mwanzo wake. Mmoja anatafuta “chumba cha kupanga”, mwingine “vyumba vya kupanga”. Usiiachie mashine kazi ya kukisia. Andika kwa namna ambayo umoja na wingi vyote vinapata nafasi yake, na jina la mtaani liandamane na la dukani: spea na vipuri, shokapu na jina lililoandikwa kwenye boksi.

Ukiwa na wateja wa lugha mbili, mpe kila mmoja ukurasa wake wenye anwani yake. Ukurasa uliochanganya nusu Kiswahili na nusu Kiingereza haueleweki ni wa nani. Kitufe kinachobadilisha lugha pasipo kubadilisha anwani hakisaidii, kwa sababu Googlebot haibonyezi vitufe hivyo. Hatari zaidi ni tovuti inayomchagulia mgeni lugha kwa kuangalia yuko nchi gani: Googlebot kwa kawaida huingia kwa anwani za Marekani, kwa hiyo itaonyeshwa Kiingereza tu. Kurasa pacha ziunganishwe kwa alama ya hreflang, ambamo Kiswahili huandikwa sw.

Bando la mteja

Oktoba 2023 Google ilitangaza kuwa imemaliza kuhamia kwenye utaratibu wa kusoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simu. Kilichofichwa kwenye simu ili kupunguza msongamano, hata kama kipo kwenye kompyuta, hesabu kwamba hakipo.

Kuhusu kasi, Google imeweka vipimo: kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie kidole ndani ya milisekunde 200. PageSpeed Insights hupima hayo bure. Mara nyingi anayekwamisha ni picha. Picha tano zilizotoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja megabaiti 4, ni megabaiti 20 za bando la mteja ambaye alitaka kujua bei tu. Zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Ila tuseme ukweli: kasi haiokoi ukurasa usiojibu swali. Google wenyewe wanasema ukurasa wenye jibu bora unaweza kutangulia hata kama si mwepesi kuliko wote.

Sifa ya kununua

Google ilianzishwa 1998 juu ya wazo la Larry Page na Sergey Brin kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni kama mtu kumsifia mwenzake, na sifa kutoka kwa mwenye heshima huwa na uzito zaidi. Wajanja wakaanza kuuza sifa. Mwezi Aprili 2012 mabadiliko ya Google yaliyoitwa Penguin yakawaangusha wengi waliojijenga kwa viungo vya kununua. Ukubwa wa jina nao hauokoi: Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye majibu ya Google kwa kutengeneza kurasa zilizojazwa maneno ili kuwavuta roboti, huku wageni wakipelekwa kwenye kurasa nyingine.

Kwa hiyo anayekuahidi nafasi ya kwanza anauza asichokuwa nacho. Google haipokei malipo kwa ajili ya kumpandisha mtu. Matangazo ni jambo jingine, na huandikwa kwamba ni matangazo. Viungo vya halali hutoka kwa wanaokujua: msambazaji unayechukua kwake mzigo, chama chenu cha wafanyabiashara, gazeti lililoandika habari zako. Na mwenye duka asisahau kujisajili kwenye Wasifu wa Biashara wa Google, unaomweka kwenye ramani bila malipo.

Daftari kando ya simu

Swali la kumlipa yule kijana lilijijibu lenyewe. Badala ya fedha, rafiki yangu alitoa daftari. Akaliweka kando ya simu ya dukani, na msaidizi wake akawa anaandika kila swali kama lilivyoulizwa, bila kulinyoosha. Wiki mbili baadaye nililikuta limejaa: shokapu za mbele za IST, taa ya nyuma ya Noah, hii ni ogino au ya Kichina, mnatuma Mbeya?

Tukachukua maswali kumi yaliyojirudia zaidi, kila moja likapata ukurasa wake, bei ikaandikwa kwa maandishi, na jibu likaanza kwenye mstari wa kwanza. Ukurasa wa shokapu ndio uliotangulia kuleta simu. Mpigaji alikuwa fundi wa Morogoro, na swali lake la kwanza lilikuwa: “Nyie mlikuwa wapi siku zote?”